Morogoro Jazz walitangulia Japani

Mwaka jana nilikuwa Unguja kikazi. Siku ya kurudi nikabakiwa na saa mbili kabla ya boti, nikaona nisizimalizie kwenye kiti cha bandarini. Nikaingia Shangani, kwenye makumbusho ya Freddie Mercury. Ni nyumba ndogo, ilifunguliwa Novemba 2019, na unaifuata ukuta kwa ukuta: picha za utotoni, za shule ya bweni kule India, za jukwaani. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970, London, yeye na wenzake wakaunda Queen.

Nikagota kwenye huo 1970. Watalii wakanipita mmoja mmoja, mi bado nimeusimamia.

Kwetu Kingolwira mwaka huo una jina lake. Ni mwaka wa Expo. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana miaka sabini na kitu, na mpaka leo anapima mambo kwa mwaka huo: fulani alioa kabla ya Expo, lile shamba lilinunuliwa masika mawili baada ya Expo. Utotoni nilidhani Expo ilikuwa njaa au mafuriko, maana wazee wetu huhesabu miaka kwa majanga. Kumbe ni maonyesho ya dunia yaliyofanyika Osaka, Japani, kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13, 1970. Nchi 77 zilishiriki, na watu waliopita malangoni walizidi milioni 64. Wamarekani walipeleka jiwe la mwezini. Tanzania, pamoja na mengine, ilipeleka Morogoro Jazz Band.

Kwenye boti nikapiga hesabu. Queen walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1973. Japani walikanyaga kwa mara ya kwanza Aprili 1975, na wakapokewa na umati wa vijana wanaopiga mayowe. Wakati huo Mbaraka Mwinshehe alikuwa ameshakwenda Japani na kurudi miaka mitano iliyopita, na gitaa lake. Mluguru yeyote akitaka kujivuna vijiweni, hii namba namwachia bure.

Lakini niliposhuka Dar es Salaam majivuno yalikuwa yamepoa. Freddie aliondoka Unguja akiwa na miaka 17, hakuwa na bendi huko, na bado kuna nyumba ambapo mgeni anaweza kuingia akatoka anajua alikuwa nani. Mimi nimekulia Morogoro. Nimepelekwa na shule kuona mashamba, kiwanda na maporomoko ya maji. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono akaniambia, njoo uone hapa ndipo Morogoro Jazz walipopigia.

Sasa tuseme kidogo kuhusu mji wenyewe, kwa msomaji asiyeujua. Morogoro iko miguuni mwa Milima ya Uluguru. Reli ya Kati ilifika mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Barabara ya kwenda Dodoma na ile ya kwenda Iringa zinaachana hapo. Pande zote kulikuwa na mashamba ya mkonge, na mkonge una kibarua, na kibarua ana mwisho wa mwezi. Kingolwira yetu iko mashariki ya mji, njia ya Dar es Salaam: kuna stesheni ya reli na gereza kubwa lenye mashamba. Ukichanganya reli, barabara na mshahara unapata wasafiri wenye hela mfukoni na usiku mrefu wa kuumaliza. Hapo muziki wa dansi unapata chakula.

Miji mingi ya Tanganyika ilikuwa na bendi zinazoshindana, kama vile Dar ilivyo na Simba na Yanga. Morogoro ilikuwa na mbili kubwa. Ya kwanza ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah Yazidu, ambaye watu walifupisha majina yake kuwa SAY. Jina la bendi lilitokana na santuri za Kuba zilizouzwa Afrika nzima tangu miaka ya 1930, zile za mfululizo wa GV. Inasimuliwa kuwa ujanani Salum alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kwenyewe, safari ikaishia Mombasa. Akarudi, akaamua Kuba ije Morogoro. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaishika bendi.

Ya pili, Morogoro Jazz, ilianza miaka ya 1940. Katikati ya miaka ya 1960 ikampata kijana aliyezaliwa 1944, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi, yote kwa wakati mmoja. Nilimuuliza mjomba tofauti ya bendi mbili hizo ilikuwa nini. Akafikiri, akasema: "Salum alikuimbia. Mbaraka alikusemesha, kama mtu mliyekaa naye barazani." Dokta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Isimani siku ya Krismasi 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na wimbo ukazunguka nchi kama gazeti. Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Januari 1979, Mombasa, naye akafa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Mji mmoja, vigogo wawili, na wote wawili barabara iliwachukua.

Siku hizi kuna aina ya maonyesho inayoitwa shirikishi. Ile ya ABBA ndiyo maarufu. Makumbusho yao yalifunguliwa Stockholm Mei 2013, na humo huangalii tu nguo za jukwaani nyuma ya kioo. Unapanda jukwaani na wanamuziki wa picha za kompyuta, unaimba kama mwanabendi wa tano. Kuna hata simu ambayo namba yake wanayo wanabendi wenyewe tu. Ikiita, aliye karibu anapokea. Watu wanalipa hela nzuri, wanasafiri kutoka mbali, ili kwa dakika tatu waonje kuwa ndani ya bendi.

Niliposoma habari hiyo nikacheka, kwa sababu mjomba alikuwa akifanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na hakujua kuwa ni teknolojia.

Bendi nyingi za dansi za zamani zilianza kama vyama vya starehe. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kulikuwa na ada na michango. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Kwa hiyo yule aliyekaa pembeni ya ukumbi anakunywa soda yake taratibu, huenda senti zake zimo ndani ya lile tarumbeta linalopulizwa. Mshabiki aliyeguswa na beti alipanda jukwaani akamtuza mwimbaji, mwimbaji naye akamtaja jina palepale. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kucheza, na mtindo usipochezwa na watu unakufa. Wimbo wenyewe ulijengwa kwa kuwategemea wachezaji. Kwanza unakwenda polepole, maneno yasikike, halafu linakuja chemko, magitaa yanapokezana na uwanja unajaa. Hapo ndipo bendi iliujua ukweli wake. Kama hakuna anayeinuka wakati wa chemko, wimbo huo kesho haupigwi.

Na dansi halikuishia ukumbini. Kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi nyimbo kwenye kanda za redio ya taifa, redio ikazirusha, na watu wakatuma kadi za salamu, majina kwa majina, ili wimbo ukipigwa wawe wamo. Mtu wa Kingolwira ambaye hakuwa na nauli ya mjini alikuwa mwanabendi kwa njia ya posta.

Santuri ndiyo iliyokuwa ngumu. Bendi zetu zilitegemea Nairobi kupata santuri, kwa hiyo wimbo wa Morogoro ulivuka mpaka, ukarudi umevaa jalada. Sahani zile ndogo za mizunguko 45 zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Na hapa ndipo mimi ninapoingia.

Mjomba alikuwa na sanduku la santuri. Lilikuwa la mbao, na lilikaa chini ya kitanda. Miaka ya 1990, redio za binafsi zilipoanza na vijana wa mjini walikuwa wameshahamia Bongo Fleva, yeye Jumapili jioni alitoa mashine yake nje, chini ya mwembe, akapiga. Majirani walikuja na viti vyao. Kazi yangu, nikiwa na miaka saba au minane, ilikuwa kugeuza. Sehemu ya kwanza ikiisha, sindano inakwaruza pale mwisho, watu wazima wanabaki wamesimama wameshikana, mguu mmoja hewani karibu, wakingoja mtoto ageuze sahani. Ukichelewa unazomewa. Ukiiangusha ni kesi ya ukoo. Sijawahi tena kuwa na madaraka makubwa kiasi kile.

Neno ukoo nimelisema makusudi. Kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama. Mjomba kwetu ni mkubwa kuliko anavyoonekana kwa makabila mengine, na mpwa ndiye anayerithi jina na vitu. Hakuna aliyewahi kuandika popote, lakini kila mtu pale chini ya mwembe alijua kuwa lile sanduku lingekuja kuwa langu.

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mfuko umetoboka. Rafiki akanijulisha kwa mgeni mmoja aliyekuwa anapita mikoani akinunua santuri za zamani. Akaniuliza kama najua mtu. Nikasema najua. Nikampeleka Kingolwira kwa daladala, nikamsalimisha kwa mjomba, nikatafsiri. Mgeni akakaa chini kwenye mkeka, akatoa sahani moja moja, akaziinamisha juani aone mikwaruzo. Zilikuwa 41. Akalipa shilingi elfu tano kwa kila moja. Mjomba alizihesabu zile noti mara mbili, hakusema kitu. Mimi nikapewa elfu thelathini zangu za udalali stendi, mjomba hajui. Nilizimaliza kabla ya wiki kwisha. Sikumbuki kwa nini hasa.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaajiriwa kwenye chumba cha habari, nikakuta mtandaoni santuri moja ya Morogoro Jazz inauzwa dola 60. Labda ilikuwa mojawapo ya zile, labda si yenyewe, sahani hazina alama ya kuzaliwa. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Ningependa kuandika hapa kuwa yule mgeni alikuwa mwizi. Ingenisaidia. Lakini historia ya muziki huu hainiruhusu kusema hivyo kirahisi. Mwaka 2000 kampuni ndogo ya Ujerumani, Dizim, ilitoa CD mbili: moja ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, nyingine ya Mbaraka na Morogoro Jazz. Kabla ya hapo, Polygram ya Nairobi ilikuwa imetoa nyimbo za Mbaraka kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, baada ya kifo chake. Nyimbo nyingi nilizozisikiliza nikiwa mtu mzima nimezisikia kwa sababu mtu fulani, mbali na Morogoro, alitunza sahani, akaisafisha, akaiweka kwenye kompyuta. Sanduku la mjomba lilikuwa linavuja. Majalada yalikuwa na kuvu. Ingekuwaje kama lingebaki pale chini ya kitanda mpaka leo? Najua jibu, na halinipendezi.

Kule London, Septemba 2023, Sotheby's waliuza vitu vya Freddie Mercury kwa mnada. Piano yake ya Yamaha peke yake ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Kabla ya mnada vitu vilitandazwa, watu wakaruhusiwa kuingia kuviangalia. Yule aliyevinadi alijua anauza nini. Mjomba na mimi hatukujua. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini tofauti iliyoniuma ni hiyo nyingine: hatukukaa hata jioni moja tukazipiga zote 41 kwa mara ya mwisho, tukaandika majina kwenye daftari.

Baada ya ile safari ya Unguja nikaenda Kingolwira nikiwa na la kusema. Nilipanga kuungama habari ya elfu thelathini na kuomba radhi kwa santuri. Siku hizi unaweza kuja kwa treni ya umeme mpaka Morogoro, tangu Juni 2024, halafu ukatafuta usafiri wa kurudi nyuma kidogo. Nikamkuta mjomba amekaa nje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekonda. Kwani huko Dar mnakula karatasi?"

Nikazunguka weee, mwishowe nikasema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha fimbo yake juu, kwenye paa la nyumba, upande wa chumba cha kulala.

"Bati zile unaziona? Kumi. Ni za zile hela. Mvua ya mwaka ule ingetukuta na nyasi." Akanyamaza kidogo. "Mbaraka ndiye kaezeka hapa. Hiyo elfu thelathini yako ingekuwa bati la kumi na moja na la kumi na mbili, ndiyo maana pale kwenye kona panavuja."

Kumbe alijua siku zote. Mgeni mwenyewe alikuwa amemwonyesha kwa vidole.

Nikatoa simu, nikatafuta wimbo mmoja wa Morogoro Jazz ambao nilikumbuka kuugeuza mara nyingi, nikaupata umewekwa mtandaoni mzima. Nikaiweka simu kwenye kikombe cha bati ili sauti ikuzwe. Mjomba akafumba macho. Shangazi, mkewe, akatoka jikoni na mwiko, akasimama mlangoni. Wimbo ukaenda mpaka pale ninapopajua, mwisho wa sehemu ya kwanza, kabla tu ya chemko. Mjomba akainua mkono, kiganja juu, kama mtu anayesimamisha gari. Alikuwa ananingoja nigeuze.

Mtandaoni walikuwa wameziunga sehemu mbili. Wimbo ukaendelea bila kupumua. Mkono ukabaki juu kidogo, ukashuka.

"Wameharibu," akasema shangazi. "Hapo watu walikuwa wanabadilishana. Wewe kama umeshikwa na mtu humtaki, ndiyo nafasi yako ya kuponyoka."

Mimi sikuwahi kulisikia hilo. Nimesoma makala, vijitabu vya ndani ya CD, nimehoji wapigaji wa zamani. Hakuna aliyeniambia kuwa ule ukimya wa kugeuza sahani ulikuwa na kazi, kwamba kuna ndoa zilianza na nyingine ziliokoka ndani ya sekunde kumi nilizokuwa nahangaika na sindano. Ukinunua sahani ile kwa dola 60 hulipati. Ukiisafisha kwa kompyuta ndiyo unalifuta kabisa.

Kwa hiyo sasa najua makumbusho ya Morogoro Jazz yakija kujengwa nitataka yawe na nini. Picha sawa, na gitaa kama lipo. Halafu mashine ya santuri na mtoto wa miaka minane wa kugeuza, na watu wazima wasimame wangoje. Lakini watu wanaojua kungoja wana miaka sabini na themanini, na hawatangoja jengo.

Nimeanza na daftari. Mara mbili kwa mwezi nakuja Kingolwira nauliza maswali ya kijinga. Ukumbi gani ulikuwa na sakafu nzuri? Kiingilio kilikuwa kiasi gani, na mliingiaje bila kulipa? Mlirudije usiku, kwa miguu ama mlilala stesheni? Nani alikufundisha kucheza? Mpaka sasa nimeshaongea na wanne. Wa tano, mzee mmoja aliyekuwa kibarua wa reli, tulipanga Jumamosi, nikahama siku kwa sababu ya kazi. Niliporudi nikakuta matanga.

Wewe unayesoma hapa, kama una bibi Tabora, Tanga au Ujiji, muulize naye. Usimuulize "muziki wa zamani ulikuwaje", atakujibu "ulikuwa mzuri" na mtaishia hapo. Mpigie wimbo, umwangalie mikono.

Mjomba ameniagiza kitu kimoja kwa safari ijayo. Bati mbili nimeshampelekea, kona haivuji tena. Anataka spika kubwa. Anasema simu haina besi, na bila besi Mbaraka anaonekana kama anaimba peke yake.